Daftari la chumba cha vidonda: namna tunavyopunguza ugomvi wa vijana mtaani kwetu

Nilipohamia zahanati hii, nje kidogo ya mji wa Mtwara, nilidhani nimepata mahali pa kupumzika. Nilikuwa nimetoka Masasi, na kabla yake Newala, na mgongo ulikuwa umeanza kunidai. Ukaja Novemba. Korosho zikauzwa mnadani, pesa zikaingia, na Jumamosi moja nikapokea vijana wanne wa kushonwa kabla ya adhana ya alfajiri. Wa nne ndiye aliyemkata wa pili. Walikuwa wamekaa benchi moja, kila mmoja amejikandamiza kichwa kwa kanga ya mama yake, na mimi sina habari. Walipoinua nyuso wakatambuana, benchi lilipinduka na trei yangu ya vifaa ikaenda nalo.

Mimi ni muuguzi, mwaka wa 27 kazini. Wenzangu wawili, mmoja mhudumu wa afya ngazi ya jamii na mwingine mtendaji wa mtaa wa pili, wameniomba niandike tunavyofanya ili nao wajaribu kwao. Kinachotakiwa ni zahanati iliyo karibu, kaunta buku moja, na mtu atakayevumilia mwaka mzima. Kama mwaka huna, usianze, utawasumbua watu bure.

Ukitaja vurugu na Mtwara, watu wa mbali hukumbuka 2013, mambo ya bomba la gesi, Januari na Mei. Mimi nazungumzia ugomvi wa kila wiki: chupa, panga, spoku ya pikipiki, jiwe. Ule ambao polisi hawausikii kwa sababu aliyepigwa haendi kusema, na aliyepiga ni mtoto wa jirani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa ripoti yake kubwa kuhusu ukatili na afya mwaka 2002, upande wa vijana lilihesabu kuanzia miaka 10 hadi 29. Miaka kumi! Nilidhani wamekosea kuandika, mpaka nikaletewa mtoto wa darasa la nne aliyepasuliwa jicho kwa manati ya mwenzake wa darasa la tano.

Kipindupindu kikiingia mtaani, hatuanzi kwa kuwahubiria watu tabia njema. Tunauliza: maji umekunywa wapi, lini, nani mwingine nyumbani anaharisha. Tunatafuta kisima. Ugomvi nao una kisima chake, na una saa yake. Ukivijua hivyo viwili, kazi inapungua nusu.

Maswali ya wakati wa ganzi

Ukishachoma ganzi unasubiri dakika chache ishike. Kijana amelala, hawezi kwenda popote, na maumivu yanaanza kupoa. Hizo ndizo dakika za maswali. Yako matano tu:

Ilikuwa wapi hasa? (Asikupe jina la mtaa. Nyuma ya nini, mbele ya nini.)
Saa ngapi?
Umepigwa na kitu gani?
Mlikuwa wangapi kwa wangapi?
Kilianzia nini?

Umeona kilichokosekana. Nani, usiulize. Hilo nililijifunza kwa hasara.

Daftari langu la kwanza lilikuwa na majina. Nililiacha mezani, likafunguliwa na mtu asiyehusika, na kesho yake mtaa mzima unajua fulani kamtaja fulani. Vijana wakaacha kuja. Wiki tatu nzima sikushona mtu, nikajisifu kwamba mambo yametulia. Kumbe walikuwa wakijifunga wenyewe kwa majivu na matambara. Mmoja aliletwa siku ya sita tangu aumie, mkono umevimba hadi kwenye kiwiko, unanuka, homa juu, hana sindano ya pepopunda. Tulimpa rufaa akapona, lakini vidole viwili havikunji hadi leo. Namwona kila asubuhi akiendesha bajaji kwa mkono ule. Daftari lile nililichoma. La pili lina tarehe na majibu matano, basi, na linafungiwa kabatini pamoja na dawa za kulevya za hospitali, ambazo ufunguo wake tunao wawili tu.

Kabla hujaanza, ongea na mganga mfawidhi wako, naye amjulishe mganga mkuu wa halmashauri. Usifanye kwa siri halafu uje kuulizwa. Waeleze kwamba hili halichukui nafasi ya rejista za MTUHA, yaani vitabu vya takwimu za zahanati, wala ya PF3, ile fomu ya polisi ya aliyeumizwa. Rejista inataka utambuzi na idadi, na humo jeraha la chupa laweza kulala mstari mmoja na la aliyeanguka kutoka kwenye mkorosho. PF3 ni ya kesi, ina njia yake, na damu inayochuruzika haisubiri karatasi. Jambo jingine: mtoto anayeumizwa nyumbani, au yeyote aliyebakwa, haingii kwenye huu usiri wetu wa daftari. Huyo anakwenda kwa afisa ustawi wa jamii na Dawati la Jinsia na Watoto la polisi siku hiyohiyo. Namba ya bure ya simu kwa mtoto ni 116.

Hili la kuuliza kitandani sikulibuni mimi. Kule Cardiff, Wales, daktari wa upasuaji wa kinywa na taya, Jonathan Shepherd, aligundua kwamba wengi aliokuwa akiwashona nyuso polisi hawana habari nao kabisa. Makarani wa mapokezi wakaanza kuuliza mahali, saa na silaha, majina yakaondolewa, na taarifa zikapelekwa kwa polisi na halmashauri ya mji. Utafiti uliochapishwa 2011 ulionyesha waliolazwa kwa kupigwa wakishuka kutoka 7 hadi 5 kwa mwezi katika kila watu 100,000, wakati miji waliyoilinganisha nao ikipanda kutoka 5 hadi 8. Wenzetu wana kompyuta. Lakini maswali ni yaleyale.

Ukurasa mmoja wa kwangu ulikuwa hivi:

Jmosi, saa 5 usiku. Uchochoro nyuma ya kibanda umiza. Chupa. Wanne kwa wawili. Mechi.
Jmosi, saa 7 usiku. Uchochoro uleule. Jiwe. Wawili. Deni.
Jpili, saa 12 asubuhi. Kijiwe cha bodaboda. Spoku. Mmoja kwa mmoja. "Ya jana."
Jtano, saa 10 jioni. Njia ya shule, kwenye mkorosho mkubwa. Fimbo. Wengi. Msichana.
Jmosi, saa 4 usiku. Kwenye uraka. Glasi. Wawili. "Alinitazama."

Mstari wa tatu uuwekee alama. Nitaurudia.

Vifuniko vya soda

Baada ya miezi mitatu tulichora mtaa wetu chini ya mwembe, kwa majivu: barabara, msikiti, shule, kisima, vijiwe. Tuliwaita watu tisa tu. Balozi wa nyumba kumi, wahudumu wawili wa afya ngazi ya jamii, mwenyekiti wa kijiwe cha bodaboda, mwalimu mmoja, polisi kata, mwenye duka, na akina mama wawili wauza vitumbua. Hao wauza vitumbua usiwasahau. Wanaamka saa tisa usiku kuwasha moto, na hakuna anayejua mtaa unalala vipi kama wao. Nikasoma daftari mstari kwa mstari, na kwa kila mstari mmoja wao anaweka kifuniko cha soda mahali palipotajwa.

Kila mtu alikuja na jibu lake mfukoni. Balozi alisema ni disko vumbi. Mwalimu alisema bangi. Vifuniko vikarundikana kwenye uchochoro mmoja, hatua kama sitini, unaotoka mlango wa kibanda umiza, banda la kuonyeshea mpira, hadi kwa bibi muuza uraka, pombe ya mabibo. Kwenye disko vumbi palikuwa na kifuniko kimoja. Mama wa vitumbua mmoja akacheka: "Mnashangaa nini? Pale hakuna taa, na ndipo wanapokojoa wote."

Kisha tukapanga kwa kalenda. Hapa mtu wa Kusini hahitaji kuelezwa sana, ila nieleze kwa ajili ya wa mbali. Bibo, tunda linaloshika korosho, na korosho yenyewe huiva pamoja. Kwa hiyo miezi ileile korosho zinapokaushwa na kupelekwa AMCOS, chama cha ushirika cha wakulima, kungoja mnada, mabibo yanakamuliwa na uraka unakuwa mwingi na rahisi, na mwenye moto wa siri anachemsha nipa, pombe kali. Halafu malipo yanaingia benki kwa mkupuo. Kijana aliyekuwa akiokota korosho za mjomba wake anapewa chake siku moja, pamoja na wenzake wote, na wote wanadaiana. Daftari lilionyesha uzito uko siku tatu za mwanzo baada ya malipo. Sasa tuna kionyo chetu: wakala wa pesa akianza kusema "kesh imekwisha," tunajua wikiendi hiyo hatulali. Likizo ya Juni nayo ina kilele chake kidogo, kwa sababu ya ngoma za jando. Mwezi wa Machi huwa shwari, watu hawana kitu.

Usiite mkutano wa hadhara

Tuliuitisha mmoja. Wazee wakasema vijana wa siku hizi hawana adabu, vijana wakakaa nyuma na simu zao, mheshimiwa akachelewa, soda zikaisha. Tangu hapo tunakwenda kwa mtu mmoja mmoja, mlangoni kwake, saa ambayo hana wateja.

Kwa bibi wa uraka nilikwenda saa nne asubuhi.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba nesi. Umekuja kunifungia?"

"Nimekuja kukuhesabia glasi."

Akaniangalia kama nimerukwa na akili. Nikamwambia mwezi ule nimetoa vipande vya glasi zake kwenye vichwa vya watu watatu. Akaniambia na yeye ana hasara, kila wiki glasi mbili tatu zinavunjika. Nikasema vikombe vya plastiki havivunjiki. Akakataa katakata, uraka kwenye plastiki unanuka plastiki, wateja watamkimbia. Tukazunguka hapo karibu saa nzima, akanikaribisha muhogo, mwisho akasema mwenyewe: "Vikombe vya bati ninavyo, vya harusi ya mwanangu." Wiki ile vikatoka kabatini. Glasi haijaingia tena kwenye daftari langu kutoka kwake.

La kufunga saa nne usiku halikuwa rahisi hivyo. Alikubali, akafunga wiki mbili, wateja wakahamia kwa jirani yake, na vifuniko vya soda vikahama nao. Kosa lilikuwa letu. Ukimbana muuzaji mmoja umemwadhibu mwema. Ilibidi tuwakalishe wote wanne pamoja, wakubaliane saa moja, na atakayevunja atozwe na wenzake. Hili wameliendesha vizuri kuliko tungeliendesha sisi. Nipa siongelei hapa. Ni haramu kisheria na ina wenyewe wanaoishughulikia. Viroba vya pombe vilipopigwa marufuku Machi 2017 nilishangilia, kisha nikaona vichupa vidogo vikikaa mahali pake rafuni. Kwa hiyo siweki tumaini langu lote kwenye marufuku, ingawa sitaki virudi.

Mwenye kibanda umiza yeye alikuwa mwepesi, kwa sababu viti vyake ndivyo vilivyokuwa vikivunjwa. Kibanda kilikuwa na mlango mmoja, na siku ya Simba na Yanga mashabiki wote wanatoka kwa pamoja, waliofungwa na waliofunga, kwenye giza. Akatoboa mlango wa pili upande wa barabara. Anawatoa walioshinda kwanza, na walioshindwa anawawekea marudio ya magoli ya ligi nyingine kwa dakika kumi. Taa ya uchochoroni vijana wa kijiwe walichangishana wakaifunga. Ilivunjwa mara mbili. Ya tatu imewekwa juu ya ukuta wa mwenye duka, ndani ya kizimba cha nondo, na ndiyo iliyopo.

Kamati mpya msiunde. Mtaa una kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto iliyotokana na MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi yao, una ulinzi shirikishi, una Kamati ya Maendeleo ya Kata juu yake. Ingizeni jambo lenu kwenye ajenda za hao. Kamati ya nne itakula muda na posho, itakufa.

Usiku wa kwanza

Turudi kwenye mstari wa tatu: Jumapili, saa 12 asubuhi, "ya jana." Nilipolipitia daftari la mwaka nikaona mistari ya namna hiyo ni mingi kuliko nilivyodhani. Ugomvi mmoja unazaa wa pili, na wa pili huja kabla damu ya kwanza haijakauka.

Huko Marekani yuko daktari anayeitwa Gary Slutkin. Alipambana na kifua kikuu San Francisco na kipindupindu kwenye kambi za wakimbizi Somalia, kisha akarudi kwao Chicago akaona mauaji ya vijana yanaenea mtaani kama yale maradhi. Mwaka 2000 alianza mpango kwenye eneo la West Garfield Park: watu waliowahi kuishi maisha hayohayo ya mtaani wanalipwa kumfuata aliyeumizwa na rafiki zake, wamkatize kabla hajalipiza. Matokeo yake yamekuwa mazuri sehemu nyingine na haba sehemu nyingine. Mimi nililichukua wazo la kukatiza. Mkatizaji wa kuajiriwa sikumhitaji, kwa sababu Kusini tunao tayari, wa aina tatu: mjomba, mwenzake wa kumbi (kambi ya jando), na mtani.

Usiku mmoja nililetewa kijana wa miaka kama 19, kichwa kimefunguka juu ya sikio. Nje kuna pikipiki tatu, injini zinanguruma, wenzake hawataki kushuka. Mmoja amelaza kitu kirefu ndani ya kiroba cha mbolea. Mhudumu wetu wa afya akatoka nyuma kumpigia simu mjomba wa yule kijana. Mimi nikashona. Nilishona taratibu kuliko ilivyohitajika. Nyuzi sita nilizifanya kama kumi na mbili, kila uzi naukagua kwa tochi, nauliza habari za mama yake, namwambia mwanangu tulia uzi huu umelegea.

Mjomba alifika saa nane usiku, kikoi na koti la mvua. Nilitegemea atahubiri. Akamuuliza mpwa wake neno moja: "Umekula?" Kijana akatikisa kichwa, machozi yakamtoka. Mjomba akatoka nje kwa wale wenye pikipiki, akawaambia, "Mafuta mnayo? Basi tupelekeni nyumbani, mkalale kwangu, asubuhi tutaongea na hao watu. Na hicho kiroba nipeni nikalie, kiti kimelowa." Akakikalia kweli, mpaka kwake.

Jamii zetu nyingi huku zinahesabu ukoo kwa mama. Baba anaweza kukufukuza, mjomba ndiye anayekutafutia pa kulala, na kesho ukidaiwa faini ndiye atakayetafutwa. Ndiyo maana neno lake lina uzito ambao mwenyekiti wa mtaa hana. Kwa hiyo kwenye kila nyumba za balozi tumeorodhesha simu za wajomba. Siyo majina ya wakorofi, ni simu za wajomba. Mwenzake wa kumbi, yaani aliyetahiriwa naye pamoja, anafaa pale kijana hataki kumsikia mkubwa yeyote. Mtani anafaa msibani na pale familia mbili zimenuniana, maana yeye anaruhusiwa kusema upuuzi ambao ni ukweli, na hakuna wa kumkasirikia.

Mambo ya kufanya usiku huo, kwa haraka:

Benchi mbili, zisitazamane. Tangu ile trei yangu ipinduke, moja iko ndani, moja iko barazani.

Mwombe mgonjwa asipige picha ya jeraha, na ndugu zake vilevile. Picha ikirushwa kwenye kundi la WhatsApp saa sita usiku, saa saba watu wameshatoka na mapanga.

Usimruhusu aondoke peke yake, hata akisema yuko sawa. Chai yenye sukari nyingi, na mtu wa kumsindikiza.

Uliza nani mwingine ameumia, halafu tuma mtu upande wa pili akawaangalie, mwanamume mzima anayefahamika, kamwe si binti wa kujitolea peke yake.

Panga likishatoka kwenye kiroba, piga polisi, 112, funga mlango. Sisi si mashujaa, na nesi aliyekatwa hashoni mtu.

Asubuhi inayofuata kuna jambo la hela ya matibabu, na watu wengi hulidharau. Kijana anaweza kusamehe kupigwa, asisamehe mama yake kukopa kwa ajili ya dawa. Wazee wa upande wa aliyepiga waende mapema, na wachangie matibabu kabla ya nyuzi kutolewa. Lakini ubakaji, kukatwa kiungo, kifo: hayo hayamalizwi barazani, na mzee anayejaribu kuyamaliza barazani msimpe nafasi.

Kutoa nyuzi ni nafasi ya pili. Za usoni hutolewa siku ya tano, za kichwani siku ya saba hadi ya kumi. Wakati natoa naulizia mambo mawili: unalala vipi, na siku hizi unapita njia gani. Akiniambia amebadili njia ya kurudi nyumbani, ugomvi haujaisha, na mjomba anapigiwa tena.

Kumbi, nyumba, na hela

Nyimbo za kumbi sizijui wala sitakiwi kuzijua, mimi ni mwanamke. Lakini kabla ya likizo ya Juni na ya Desemba namtuma mhudumu wetu wa kiume kwa ngariba na wasimamizi, na hatumtumi mikono mitupu: glavu, sabuni, pamba. Anawaomba mawili. Fimbo isipasue ngozi ya mtoto. Na katika mafunzo ya uanaume waingize suala la mtu kukudharau mbele ya watu, maana "alinitazama" iko kwenye daftari langu mara nyingi mno. Msimamizi mmoja mzee alijibu kwamba hilo zamani lilifundishwa siku kadhaa, sasa watoto wanakaa kumbi wiki moja, wengine wanatahiriwa hospitali asubuhi na jioni wako nyumbani na katuni. Mimi ni mtu wa hospitali, tohara salama naipigania, lakini nadhani mzee ana hoja. Kisu tumekihamisha, mafunzo tumeyaacha njiani. Sasa tuna jioni mbili za mazungumzo kwa waliotahiriwa hospitali, wanakaa na wajomba zao barazani. Wanaume ndio wanaoziendesha, mimi napeleka ndizi tu.

Nyumbani ni pagumu zaidi. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2009 kuhusu ukatili dhidi ya watoto ulikuta karibu robo tatu ya vijana, wa kike na wa kiume, walishafanyiwa ukatili wa mwili kabla ya kufikisha miaka 18. Mtoto aliyekua akitatuliwa mambo kwa mkanda, na yeye atayatatua hivyohivyo. Kliniki ya watoto siku ya kupima uzito ndipo ninapolisema, dakika tano, nikiwa nimembeba mtoto wa mtu. Sisemi "msipige." Nauliza nani jana alimpiga mtoto akajuta baadaye. Mikono huinuka.

Kuhusu ajira sina mengi. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 ikiwa ya vijana, na vijana wetu wengi hawaipati kwa sababu kikundi hakijasajiliwa au katiba haijaandikwa. Afisa maendeleo ya jamii wa kata anaweza kukaa nao mchana mmoja wakaiandika. Tumefanya hivyo kwa vijana wa kijiwe. Si kila mwenye kazi anaacha ugomvi, lakini mwenye marejesho ya mwezi anawahi kulala.

Kujua kama inafaa

Mwaka wa kwanza tulisherehekea Machi, tukaona mistari imekwisha kabisa, mwenyekiti akachinja mbuzi. Oktoba ikatuaibisha. Usilinganishe Machi na Novemba, linganisha Novemba na Novemba iliyopita, na kama msimu wa korosho ulikuwa mbaya, andika pembeni kwamba ulikuwa mbaya, la sivyo utajipa sifa ya mvua. Angalia pia mahali: mistari ikipungua uchochoroni na kuongezeka barabara ya pili, hujapunguza, umesukuma. Na hesabu ile mistari ya "ya jana" peke yake. Hiyo ndiyo ninayoiangalia mimi kuliko zote.

La mwisho ni dogo, na ndilo wanaonifuata hulisahau. Usiku usiokuwa na mtu nao uandikwe. Ukurasa mtupu hausemi kama mtaa ulikuwa shwari au nesi alikuwa ruhusa. Kwenye ripoti za magonjwa ya mlipuko tumezoea kutuma sufuri, basi na hapa tuma sufuri, na jina la aliyekuwa zamu. Jumamosi iliyopita, siku ya pili baada ya malipo, niliandika: saa 12 jioni hadi saa 12 asubuhi, mmoja, kidole, mlango wa bajaji. Zamu: mimi na mhudumu.